Nyanya Zilizoota Chini ya Dirisha la Baba

Usinihurumie. Nakuomba hilo kabla hujaendelea kusoma, maana nikihurumiwa nitaanza kujitetea, na kujitetea nimezoea.

Baba yangu alikufa kwa kiu. Kiu hiyo ilimpata ndani ya nyumba yake, na jagi la maji lilikuwa karibu na mkono wake mzima. Aliyemfikisha hapo si adui wala mchawi. Ni mimi, mwanawe wa mwisho.

Nikueleze kwanza mimi ni mtu wa namna gani. Shule niliacha darasa la sita. Sikufukuzwa, miguu tu ilikuwa inaniwasha. Nimeponda mawe ya dhahabu Sekenke, nimechunga ng'ombe wa watu Kintinku, nimepakia alizeti na vitunguu kwenye malori pale Mkiwa. Kila nilipofika niliuliza maswali mpaka watu wakachoka. Karasha linasagaje mwamba mgumu hivi? Kwa nini nyuki wa mzinga huu ni wakali kuliko wa ule? Wenzangu wakanibatiza jina: Bwana Kwanini. Nilijivunia jina hilo!

Rafiki yangu, nimeuliza kila kitu chini ya jua. Swali moja tu sikuuliza, na ndilo lililokuwa la kwangu.

Kwetu ni kijiji kimoja si mbali na Mkiwa. Mama alitangulia zamani. Kaka yangu mkubwa ni dereva wa lori, safari zake ndefu, nyumbani huonekana kwa nadra. Mkewe, nimwite Mama Neema, alikuwa akiishi pale kwa baba na binti yao mdogo. Mimi nilikuwa naingia na kutoka kama kuku wa jirani.

Baba alipata kiharusi akiwa shambani anavuna uwele. Upande wa kushoto ukalala. Hospitali wakamtibu, wakaturudishia mtu anayeongea, anayetania, anayekula kwa mkono wake wa kulia, ila hawezi kusimama bila kushikwa. Wakatupa vidonge vya presha na maelekezo: anywe maji ya kutosha, ageuzwe mara kwa mara, dawa asiruke.

Kaka akanipigia simu.

"Mdogo wangu, tafuta mtu wa kumhudumia mzee hapo nyumbani. Malipo niachie mimi. Wewe umezunguka, unawajua watu. Chagua."

Chagua! Neno hilo lilinivimbisha kichwa. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia nichague kitu cha maana.

Nikamtafuta Shabani. Shabani ni mtu wa makamo, mdomo mrefu, mpenda nyama na redio. Alimuuguza babu yake mpaka mwisho, halafu akamtunza mwalimu mmoja mstaafu kule Kintinku. Vijana wa kijiweni walimwita yaya wa wazee. Yeye aliwajibu, "Haya, chekeni. Nakuja kuwafunga nepi mmoja mmoja, na nitaanza na wewe mwenye meno mengi."

Alipofika nyumbani alimkuta baba uwanjani, amekaa kwenye kiti chake. Majirani wawili walikuwepo, na Mama Neema alikuwa mlangoni anamenya karanga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Mguu huu umegoma au umestaafu?"

"Umegoma," baba akasema. "Unadai nyongeza ya mshahara."

"Usiupe. Ukiupa, na ule mwingine utagoma."

Baba akacheka! Tangu augue sikuwa nimemsikia akicheka hivyo. Nami nikacheka. Kisha Shabani akanigeukia, akaniuliza kwa sauti ile ile ya utani, "Sasa kaka, tuongee kazi. Mzee anakwenda chooni na nani?"

Majirani wakatazama chini. Mama Neema akabeba ungo wake wa karanga akaingia ndani. Mimi nikamkaripia Shabani.

"Hilo ni swali la kuuliza mbele za watu?"

"Niliulizie wapi? Mnadani?"

"Uliza taratibu."

"Nimeshauliza kwa sauti. Wewe jibu taratibu."

Baba akacheka tena mpaka akakohoa. Mimi sikucheka. Nikasema jirani anasaidia. Shabani akaenda kukitazama choo chetu. Kiko mwisho wa uwanja, nyuma ya zizi, choo cha shimo cha kuchuchumaa. Akarudi anatikisa kichwa. Akakizunguka kiti cha baba, akakigonga gonga kama mtu anayenunua mtungi.

Hicho kiti nikieleze. Ni cha mninga, chenye mikono, baba alikinunua baada ya kuuza fahali. Amekalia kiti hicho kusuluhisha kesi za ukoo mzima. Sisi watoto tulikuwa hatuthubutu kukikalia.

"Kiti kizuri," Shabani akasema. "Lete msumeno."

"Wa nini?"

"Tukitoboe hapa katikati, chini tuweke ndoo yenye mfuniko. Tunamzungushia shuka. Mzee anakaa kama mkuu wa wilaya na kazi inaendelea huku chini."

"Mkuu wa wilaya gani huyo?" baba akauliza.

"Wote, mzee. Hakuna asiyekaa."

Baba alikuwa anafuta machozi ya kicheko. Angekubali. Nilimwona usoni, angekubali! Lakini mimi niliona aibu kwa niaba yake, kana kwamba nimeombwa. Msumeno kwenye kiti cha baba yangu, mbele ya majirani!

Shabani akaongeza jambo moja. "Na wewe kaka, mwezi wa kwanza usiende popote. Kumgeuza mtu mzima ni kazi ya watu wawili. Tutafundishana mpaka mikono yako izoee."

Nikasema, "Sawa, tutakuita."

Hatukumwita.

Wazee wa jirani walinisifu. Walisema ni vizuri mzee akae na watu wake, si kushikwashikwa na mtu wa kukodi. Nami nikampigia kaka, nikaongea kama mtu mwenye busara. "Kaka, una mke hapa hapa nyumbani, halafu tulete mwanaume wa nje? Watu watasema watoto wamemshindwa baba yao."

Kaka akauliza, "Mama Neema anasemaje?"

"Amekubali."

Uongo! Sikuwa nimemuuliza hata neno moja.

Nilipomfuata, alikuwa anaosha vyombo. Nikamwambia kaka ameamua yeye ndiye atamhudumia mzee. Hakuinua kichwa.

"Shemeji, nitapika. Nitafua. Dawa nitampa kwa wakati. Lakini, shemeji, yule ni baba mkwe."

"Najua ni baba mkwe."

"Basi unajua," akasema, akarudi kwenye vyombo vyake.

Kama wewe si wa huku, nikufafanulie alichokuwa ananiambia. Katika ukoo wetu, baba mkwe na mke wa mwanawe wanaheshimiana kwa umbali. Mke huyo hakai kwenye kitanda cha mkwe wake. Haingii chumbani mwake akiwa amelala. Akimpelekea chakula anapiga goti, anatazama pembeni, anaondoka. Kumvua nguo? Kumfuta? Hata kulitaja jambo lenyewe hawezi. Ndiyo maana alisema tu "ni baba mkwe" akaishia hapo. Alikuwa ameniambia kila kitu, na usidhani sikuelewa. Nilielewa vizuri sana.

Nikajifanya nimepata suluhisho. Jirani yetu, Baba Juma, atampeleka mzee chooni asubuhi kabla ya kwenda shambani, na jioni akirudi. Jumapili atamwogesha.

"Na mchana?" Mama Neema akauliza.

"Mchana atavumilia."

Atavumilia! Nilitamka neno hilo nikiwa nafunga kamba za viatu. Begi langu lilikuwa mlangoni.

Maana ukweli ndio huu, na sijawahi kumwambia mtu. Sikumkataa Shabani kwa sababu ya kiti. Wala kwa sababu ya heshima ya ukoo. Nilimkataa kwa sababu ya ule mwezi mmoja aliotaka nikae. Nilikuwa nimesikia kwamba Sekenke kuna duara, yaani shimo la wachimbaji, limegonga mwamba wenye dhahabu, na nilikuwa nataka kwenda kuona. Kuona tu! Heshima ya baba niliitumia kama kisingizio, nikaivaa kama koti, nikatoka nayo nje watu wakanisifu.

Sekenke kwenyewe sikupata kitu. Nilirudi nyumbani mara moja moja, nikakaa siku chache, nikaondoka. Kila niliporudi nilimkuta baba amepungua. Midomo imekauka, macho yameingia ndani, maneno mengine yanampotea katikati ya sentensi. Nikasema ni uzee. Nikasema ni kiharusi. Mimi, Bwana Kwanini, sikuuliza kwa nini!

Lakini kuna kitu niliuliza. Sikiliza hili uone mtu mjinga anafananaje.

Ulikuwa wakati wa kiangazi, ule wakati wetu wa upepo mkavu, nchi nzima rangi ya kahawia, mbuzi wanatafuna maboksi. Nyuma ya nyumba, chini kabisa ya dirisha la baba, lile la kando ya kitanda chake, nikakuta mnyanya. Umeota wenyewe, majani mabichi, mrefu, umejaa nyanya nyekundu. Pembeni yake majani mabichi yamezunguka kama mkeka. Kwingine kote vumbi.

Nilifurahi kama mtoto. Nikachuchumaa, nikashika udongo, una unyevu. Nikamwita Mama Neema.

"Unamwagilia hapa?"

"Hapana, shemeji. Maji yenyewe ya kuchota mbali, nimwagilie ukuta?"

Basi nikajua nimegundua kitu! Nikaanza kuwaeleza majirani kwamba chini ya nyumba yetu kuna mkondo wa maji. Nikaenda kumuuliza fundi wa visima maji ya ardhini yanatafutwaje. Nikapima pima uwanja kwa hatua. Nikamwambia baba dirishani, "Mzee, unalalia kisima! Tutachimba, tutauzia kijiji kizima!"

Baba alinitazama muda mrefu. Kisha akatabasamu upande mmoja, ule uliokuwa bado unafanya kazi.

"Chuma nyanya ule," akasema.

Nikachuma. Nikazila na chumvi, nimekaa pale pale chini ya dirisha lake.

Sikukaa tena muda mrefu. Nilikuwa Mkiwa napakia mizigo Mama Neema aliponipigia. Baba hajitambui, anaita majina ya watu waliokufa. Tukamkimbiza hospitali.

Nesi akauliza, "Anakunywa maji?"

"Sana, sista," nikajibu mimi niliyekuwa sipo. "Jagi linaisha kila siku."

Mama Neema akathibitisha. Analijaza asubuhi, jioni analikuta tupu.

Nesi akaifinya ngozi ya mkono wa baba. Ngozi ikabaki imesimama, haikurudi. Akamgeuza. Mgongoni na makalioni kulikuwa na vidonda, kimoja kimekula mpaka ndani. Mama Neema akageuza uso ukutani. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuviona, na hata pale alikuwa anamwonea haya.

"Huyu mzee hajanywa maji ya kutosha kwa muda mrefu," nesi akasema. "Nani alikuwa anamwogesha?"

Baba Juma alikuwa akimmwagia maji Jumapili, haraka haraka, shati likiwa mwilini, ili asimwaibishe. Hakuna aliyemwona baba yangu mwili wake. Sote tulikuwa tunamheshimu!

Wakamtundikia dripu, akaanza kurudi kidogo. Nikatumwa nyumbani kuchukua blanketi.

Nilizunguka nyuma ya nyumba. Sijui kwa nini, pengine nilitaka kumpelekea nyanya. Mnyanya ulikuwa umelala. Majani yamejikunja, yale mabichi ya pembeni yamekuwa kama nyasi za kuezekea. Baba alikuwa ameondoka siku chache tu, na mkondo wangu wa maji ukakauka.

Nikainua macho. Ukutani, kuanzia kwenye kizingiti cha dirisha kushuka mpaka chini, kulikuwa na mifereji midogo kwenye udongo. Maji yalipita pale. Kila siku, mahali pale pale.

Nilikaa chini kwenye vumbi. Nilikuwa nimekula maji ya baba yangu na chumvi!

Niliporudi hospitali alikuwa macho. Nikamsogelea.

"Baba, ulikuwa unayamwaga?"

Akanijibu kwa Kinyaturu, lugha yetu ya nyumbani, taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto jambo rahisi. Alisema akinywa atakojoa. Akikojoa mchana, nani atamfuta, mke wa mwanawe? Mkwe wake ataletaje uji kesho yake? Atamtazama wapi? Na vidonge vile navyo vilikuwa vinamkojosha sana, kwa hiyo alikuwa anavificha chini ya ulimi na kuvitupa pamoja na maji.

"Ungesema, baba!"

"Nimwambie nani?"

"Mimi."

"Wewe ulikuwa unakuja kama mgeni. Mgeni haelezwi mambo ya choo."

Nikalia. Akaniacha nilie. Kisha akasema, bila hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililoniua, "Ungekuwepo, ningekunywa."

Baadaye akaniuliza, "Zile nyanya, zilikuwa tamu?"

"Tamu, baba."

"Basi hayakupotea yote."

Figo zilikuwa zimeharibika kwa kukosa maji, hazikurudi. Tulimpeleka nyumbani ndani ya sanduku.

Kumwosha maiti ni kazi ya wanaume, na wanaume wa ukoo wetu na wazee wa jirani walipoona vile vidonda walirudi nyuma mlangoni. Mmoja akasema, "Mwiteni Shabani." Wale wale waliokuwa wananisifu!

Akaja. Hakuwa na utani siku hiyo. Alikunja mikono ya shati, akasimama karibu na baba, akanitazama.

"Leo nimeruhusiwa?"

Nikasogea karibu na baba. Akasema, "Haya. Shika hapa begani, mkono mwingine nyuma ya kiuno. Usimvute, mbingirishe aje kwako. Taratibu. Hivyo."

Nikamgeuza baba yangu. Haikuwa vigumu. Nilijifunza kwa dakika chache, wakati elimu hiyo haimsaidii tena.

Nifikie sasa lile lililonifanya niandike.

Msibani watu walinong'ona. Walisema mkwe alimtelekeza mzee, alimnyima maji, alimwacha aoze. Wanawake walisema wazi wazi, mbele yake, akiwa anapakua chakula cha waombolezaji. Nilikuwa nimekaa pale pale. Nikainamisha kichwa nikaendelea kula! Kaka naye akamuuliza mkewe kwa nini alikubali kazi asiyoiweza, na yule mama hakujitetea, alinitazama mimi tu. Alinipa nafasi niseme. Sikusema.

Akafunga nguo zake, akamchukua Neema, akarudi kwao.

Nimeshamwambia kaka kwamba hakuwahi kukubali, kwamba niliongopa. Alisikiliza mpaka mwisho, akakata simu, na mpaka leo hapokei. Kwa Mama Neema nilikwenda mwenyewe. Baba yake alinipokea nje, akanipa kigoda, akaniambia binti yake hana la kuongea nami. Nikaondoka. Kwa hiyo nasema hapa, mbele ya kila mtu: yule mama hana kosa. Alijaza jagi kila asubuhi. Alipiga goti kila siku. Alinionya kwa maneno yote ambayo adabu ilimruhusu kuyatumia, na mimi nilimsikia.

Sasa wewe mwenye mzee nyumbani, nisikilize.

Usikimbilie kuuliza nani atampikia. Kupika kila mtu atapika. Uliza nani atamshika akiwa hana nguo. Kama jibu ni mtu ambaye mzee wako atamwonea haya, basi bado hujapata mtu, endelea kutafuta, hata kama wazee wa mtaa watanuna, hata kama ni wa kukodi, hata kama ana mdomo kama wa Shabani. Mtake yule anayeuliza habari za choo kabla ya habari za mshahara. Kisha muulize mzee mwenyewe, faragha, na ukae kwa muda wa kutosha mpaka akujibu. Na kiti kitoboe! Kiti cha baba bado kipo uwanjani, kizima kabisa, hakina hata mkwaruzo. Kila nikikiona natamani kukitia shoka.

Na siku ukirudi kutoka kwenye mizunguko yako, ukakuta kitu kimeota kibichi mahali pakavu karibu na dirisha la mgonjwa, usikimbilie kuchimba kisima. Ingia ndani kwanza. Muulize aliyelala pale maji hayo yalikuwa ya nani.